OpenClinic GA na ukaguzi wa sesheni ulioishia nusu

Mgonjwa wa Minago, nchini Burundi, anayepelekwa hospitali kubwa, Rumonge au Bujumbura, hutoa siri zake zote mapokezini: jina, ugonjwa, vipimo, deni. Katika hospitali kadhaa za Burundi habari hizo hutunzwa ndani ya OpenClinic GA, programu huria ya Java iliyoanzishwa na Mbelgiji Frank Verbeke, ambayo hutumika pia Rwanda na Kongo.

Julai 2020, CISA, wakala wa Marekani wa usalama wa mitandao, ilitangaza dosari za matoleo 5.09.02 na 5.89.05b ya programu hiyo. Mojawapo, CVE-2020-14486, inastahili kusomwa na kila anayeandika Java. Mtu asiye na ruhusa alielekezwa kwenye ukurasa mwingine, lakini akiupuuza uelekezaji huo aliweza kuukwepa ukaguzi, na huenda hata akatekeleza amri.

Hilo huwezekanaje? Kivinjari hutuma kuki iitwayo JSESSIONID pamoja na kila ombi. Seva huitumia kutafuta sesheni, kisha msimbo huangalia kama ndani yake kuna mtumiaji aliyekwisha kuingia. Asipokuwepo, waandishi wengi huita sendRedirect kuelekea ukurasa wa kuingia na kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Amri hiyo huandaa tu jibu la 302 lenye anwani mpya. Mstari unaofuata wa Java unaendelea kutekelezwa kama kawaida. Ikiwa mstari huo unafuta rekodi ya mgonjwa, rekodi imefutika, hata kama kivinjari kimetii na kwenda kulikoagizwa. Uelekezaji ukifanywa kwa JavaScript mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kutii au kutotii kunabaki mikononi mwa yule yule anayezuiwa. Programu kama curl haifuati uelekezaji wowote mpaka iagizwe.

Dawa ya kwanza ni neno moja, return, mara tu baada ya sendRedirect. Lakini mfumo wenye mamia ya kurasa za JSP, kila moja ikijikagua yenyewe, siku moja utakuwa na ukurasa uliosahaulika. Ndiyo maana napendelea filta, iliyomo katika Servlet, teknolojia ya wavuti ya Java, tangu toleo 2.3 la mwaka 2001. Filta husimama mbele ya kurasa zote; isipoita chain.doFilter, ombi halifiki popote. Asiye na sesheni halali hukomea hapo.

Ndani ya filta tumia getSession(false). Ukiita getSession() tupu, seva itaunda sesheni mpya kwa mgeni yeyote, na ukaguzi unaouliza tu kama sesheni ipo utampitisha kila mtu. Njia zinazoachwa wazi, yaani ukurasa wa kuingia na mafaili ya mitindo, zitaje moja moja. Nimeona msimbo unaoruhusu kila anwani inayoishia na .css: mvamizi huongeza ;x.css mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa siri, naye anapita.

Mtumiaji akishathibitishwa, badilisha namba ya sesheni kwa changeSessionId, iliyokuja na Servlet 3.1 mwaka 2013, ili namba aliyopandikiziwa kabla ya kuingia isimfae mwizi. Anapotoka, ita invalidate. Isipobadilishwa, Tomcat huifuta sesheni baada ya kulala dakika 30. Kwa kompyuta ya mapokezi inayotumiwa na watu wengi kwa zamu, huo ni muda mrefu mno.

Filta hujibu swali la nani anaomba. Kama karani wa mapokezi anaruhusiwa kusoma majibu ya maabara ni swali jingine, na lazima liulizwe pale pale data inapoguswa. Katika tangazo lile lile la CISA, CVE-2020-14491 ilihusu maswali ya SQL yaliyotekelezwa bila kukagua ruhusa ipasavyo.

Kijana wa Minago au Rumonge unayejifunza kazi hii, fungua mradi wako leo, tafuta kila sendRedirect, utazame mstari unaoifuata. Kisha uombe kila ukurasa wa siri kwa curl, bila kuki yoyote, na usome seva inajibu nini.