Kubana Picha Bila Kuharibu Sura

DVD za harusi zilizojaa kwenye makabati ya familia nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zilichomwa kwenye kompyuta, hazikufyatuliwa kiwandani. Data yake imeshikwa na tabaka jembamba la rangi, na joto, jua na miaka hulififisha. Kwa hiyo fundi anayezihamishia kwenye diski kuu ya kompyuta anaokoa kitu, na akiwa fundi kweli, inafaa kumtazama taratibu anavyofanya.

Sahani ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7. Mwenye nafasi ainakili kama ilivyo, hapotezi chochote. Lakini ndugu aliye Muscat au Toronto naye anataka kuiona, na faili la ukubwa huo halitumwi kirahisi. Picha ya DVD tayari imebanwa kwa MPEG-2, mfumo wa miaka ya 1990. H.264, iliyokuja mwaka 2003, hutunza karibu ubora uleule kwa nusu ya ukubwa, pengine chini ya hapo. Saa mbili kwa megabiti 1.5 kwa sekunde ni gigabaiti 1.35 hivi. Hesabu hiyo yeyote anaiweza. Kazi ni kujua biti ziende wapi.

Maharusi wakiwa wametulia jukwaani, programu ya kubana haina shida: inaandika kilichobadilika tu tangu fremu iliyopita, na kilichobadilika ni kidogo. Subiri waingie ukumbini. Taa zinazunguka, gauni la shanga linameta, akina mama wanacheza na kila doa la kanga linahama. Hapo biti zikipungua picha inakatikakatika kuwa vijiraba. Ndiyo maana fundi mzuri hadanganywi na wastani; anaitafuta dakika ngumu kuliko zote, anaikata, anaibana kwenye programu ya HandBrake kwa kipimo cha 18, kisha 20, kisha 22 (namba ikipanda, picha inabanwa zaidi), halafu anakaa na kutazama. Anaanza na shavu la bibi harusi: likilainika kama plastiki, amepitiliza. Kisha ukuta wa nyuma wenye kiza, ambako kivuli kilichopaswa kufifia polepole huanza kushuka kwa ngazi.

Akipangiwa ukubwa maalumu wa faili, huiacha programu ipitie picha mara mbili, ikague kwanza ndipo igawe biti, kama kamati ya harusi inayosubiri michango yote iingie kabla ya kuagiza chakula.

Kinachonifanya niwavulie mafundi hawa kofia zaidi ni wanavyozishughulikia chenga. Kamera kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu hujaza picha chenga, na kwa kuwa hazijirudii, programu hutumia biti nyingi kuziandika moja moja. Kuzifuta zote ni rahisi na faili litapungua sana. Ila zitaondoka na nywele, nyuzi za kilemba na makunyanzi ya bibi mzaa mama. Fundi huzipunguza kidogo tu, anarudi kwenye uso wa bibi, anazirudisha tena kiasi. Nusu saa inaweza kuishia hapo, na naamini haijapotea.

Anajua pia pa kuacha. Kama mhariri wa zamani alibana saa nne kwenye sahani moja, vijiraba vimo tangu siku ile, na hakuna kipimo cha kuvitoa. Kulifanya faili kuwa kubwa ni kuvihifadhi vijiraba kwa gharama zaidi, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo.

Halafu kuna mistari. Picha nyingi za kamera za wakati ule zimegawanywa nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti, hivyo kwenye kompyuta mkono unaopunga huonekana umechanika kwa mistari. Kila nusu ikijazwa kuwa fremu kamili, 25 kwa sekunde huwa 50, na ngoma hubaki na wepesi wake.

Sauti fundi haigusi kabisa. Kwa kilobiti 192 kwa sekunde, saa mbili zake ni megabaiti 173 tu, na nasaha za babu zinastahili nafasi hiyo yote.