Kanuni Isiyo na Mwenyewe: Usiku GitLab Ilipofuta Hifadhidata Yake

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi msimbo wao, alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyoshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Akaamua kufuta folda ya data ya seva ile ya akiba ili aanze kunakili upya. Kumbe amri aliiandika kwenye seva kuu. Alipogutuka na kuikatiza, sekunde moja au mbili baadaye, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimesalia 4.5.

Nakala rudufu je? Utaratibu ulikuwepo. Kila baada ya saa 24, programu ya pg_dump ilipaswa kunakili hifadhidata nzima na kuipeleka kwenye hifadhi ya Amazon S3. Walipofungua hifadhi hiyo wakaikuta tupu. Pg_dump iliyotumika ilikuwa ya toleo la 9.2, hifadhidata ikiwa ya 9.6, kwa hiyo kazi ilikwama kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilitumwa, ila hazikutimiza masharti ya DMARC ya kuthibitisha mtumaji, zikakataliwa. Hakuna aliyeziona.

Ni rahisi kusema mhandisi alizembea. Mimi sikubali. Ripoti ya kampuni yenyewe ilikiri kwamba hakuna mtu aliyekabidhiwa kazi ya kujaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala hizo. Kanuni iliandikwa, ikawekewa programu, ikaachwa bila mwenyewe. Mfanyakazi mwenye moyo kiasi gani angeweza kuijua hitilafu ambayo taarifa zake hazimfikii yeyote?

Tena, kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono takribani saa sita kabla, nje ya ratiba, ili seva ya majaribio ipate data mpya. Aliyeichukua ni mhandisi huyohuyo. Bila nakala hiyo wangebaki na nakala ya diski ya ratiba ya kila siku, na wangerudi nyuma hadi saa 24. Hata hivyo, miradi ipatayo 5,000, maoni 5,000 na akaunti 700 hivi za watumiaji wapya zilipotea. Msimbo wenyewe ulibaki salama.

Kampuni haikumfukuza wala kutaja jina lake katika ripoti. Ilirusha kazi ya urejeshaji moja kwa moja YouTube na kuweka hadharani kumbukumbu za tukio. Uamuzi huo naupa uzito mkubwa, kwani anayeogopa kufukuzwa huficha saa aliyokosea na amri aliyoandika, na bila hayo hakuna uchambuzi.

Marekebisho yalikuwa mengi: maandishi kwenye skrini yaonyeshe wazi mhandisi yuko kwenye seva ipi, urejeshaji wa nakala ujaribiwe na mashine mara kwa mara, na usalama wa data ukabidhiwe mtu maalumu. Ningelazimika kuchagua moja tu, ningechukua hilo la mwisho, kwa sababu hata jaribio la mashine linahitaji mtu wa kusoma majibu yake.