Uani Penye Upepo

Nyumba ya Kiswahili ina nyuso mbili. Mbele kuna baraza, mahali pa wageni, wapita njia na maongezi ya alasiri. Nyuma kuna uani, kumezungushiwa ua, na huko ndiko hupikwa, hufuliwa na kutwangwa, watoto huogeshwa na wazee hujinyoosha mchana. Kati ya pande hizo ukumbi unapita moja kwa moja, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Mpango huu unaonekana Tanga mjini, Pangani na Moa, na unaonekana vilevile Horohoro, mji mdogo wa mpakani wilayani Mkinga, ambako barabara ya lami itokayo Tanga inavuka kwenda Lunga Lunga, kaunti ya Kwale nchini Kenya. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ufundi wao wa kujenga ua, kuezeka banda na kuwamba kitanda haukugawanywa na geti la forodha. Ufundi huo unastahili heshima kuliko inayopewa. Aliyejenga kuta hutajwa kwa jina miaka mingi baadaye. Aliyefanya uani pakalike saa nane mchana mwezi wa Februari hakumbukwi, ingawa kazi yake ndiyo ngumu zaidi.

Ugumu wenyewe unatokana na unyevu. Katika nchi kavu kama Dodoma kivuli peke yake hutosha: mtu akijikinga na jua, jasho hukauka upesi na mwili hupoa. Pwani hewa tayari imebeba maji mengi, kwa hiyo jasho hutiririka tu juu ya ngozi bila faida. Na kukauka kwa jasho si jambo dogo, kwani lita moja ikikauka huondoka na joto linalotosha kuchemsha lita saba hivi za maji. Kinachoweza kuusaidia mwili hapo ni hewa inayotembea, iondoe ile iliyokwisha kulowana karibu na ngozi na kuleta nyingine. Basi uani wa pwani una masharti mawili, kivuli na upepo. La pili ndilo linalowashinda wengi, maana vitu vinavyoleta kivuli na sitara mara nyingi ndivyo hivyo hivyo vinavyozuia upepo. Fundi mzuri ni yule anayeweza kuvipatanisha.

Kazi huanza kwa kulitazama jua. Horohoro iko kati ya digrii 4 na 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Juni huinamia kaskazini na Desemba kusini, lakini kamwe haliinami sana. Jua la juu namna hiyo ni rahisi kulizuia, paa lenye upenu mrefu linatosha. Jua la kuogopwa ni la saa tisa na saa kumi alasiri, linaloingia kwa ubavu chini ya upenu na kuwakuta watu wakiwa wamekaa. Upande wa magharibi, kwa hiyo, ndio wa kuzibwa.

Hapo upepo nao unaleta hoja yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki tangu karibu Desemba hadi Machi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, ukitoka kusini na kusini-mashariki, na mchana hupata nguvu ya upepo wa baharini. Basi mchana pepo zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake, na zote mbili huacha magharibi kuwa upande wa chini, unakokwenda moshi na harufu. Jibu la maswali mawili linakuwa moja: jiko, stoo na choo vipangwe magharibi mwa ua. Vikikaa huko vinalikinga jua la alasiri kwa kuta zake, na moshi wa kuni hauwafikii waliokaa. Nyumba iliyojengwa mashariki mwa barabara, ikiipa barabara uso wake, inapata uani wenye upepo bila kuhangaika. Ile ya ng'ambo yake ina uani unaotazama magharibi, na upepo hauufikii ila kwa kupitia ukumbini; milango ya mbele na ya nyuma ikiachwa wazi, pazia likapachikwa kwa ajili ya heshima, ukumbi wenyewe huwa mfereji wa hewa.

Ua ndio unaoharibu au kutengeneza kila kitu. Siku hizi mwenye uwezo hukimbilia ukuta wa tofali wa mita mbili, na ndani yake hukaa hewa iliyosimama, kwa sababu ukuta mzito wa kimo hicho unaweza kuutuliza upepo kwa mita kumi na zaidi nyuma yake. Hakuna kosa ghali kuliko hilo. Ua wa zamani ulikuwa wa makuti ya kumba, yaani makuti ambayo majani yake husukwa yakiwa bado kwenye upongoo, kisha hufungwa kwenye vigingi na fito. Macho hayapiti, hewa inapenya. Sitara ya wanawake wanaofanya kazi uani inalindwa, nao wanapata upepo. Ng'ambo ya bahari, katika Omani na nchi za Ghuba, watu wa pwani walijenga makazi yao ya joto kwa makuti ya mtende kwa kufuata akili hiyo hiyo. Anayetaka ukuta wa kudumu aache sehemu ya chini bila matundu, na kuanzia kimo cha magoti aweke tofali zenye matundu, pande mbili zinazotazamana, maana upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Mlango wa ua nao ukingwe kwa ndani na kipande kifupi cha ukuta, mpita njia asione hadi jikoni hata mlango ukiwa wazi.

Katikati ya uani, au pembeni kidogo upande wa mashariki, husimama banda la kukaa, na hapo ndipo ufundi unapoonekana waziwazi. Nguzo zake kwa desturi zilikuwa za mikoko, miti isiyoliwa ovyo na wadudu. Leo mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu ya serikali na ukataji wake unahitaji kibali, na ni haki iwe hivyo, kwani ndiyo inayoshika ufuo na kulea samaki. Mivinje na mikaratusi iliyopandwa hufanya kazi nzuri ikiondolewa maganda, ikakaushwa na kukingwa upande unaozikwa ardhini. Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, juu yake huegemezwa kombamoyo, na juu ya kombamoyo hufungwa fito, moja baada ya nyingine, kwa nafasi ya kiasi cha shubiri moja au chini yake.

Makuti ya paa ni mengine, huitwa makuti ya viungo. Utengenezaji wake, ambao kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa wanawake, unataka subira kuliko nguvu. Majani huchambuliwa kutoka kwenye upongoo. Upongoo wenyewe huchanwa kuwa ufito mwembamba wenye urefu wa mkono wa mtu mzima au zaidi. Jani hukunjwa juu ya ufito huo, la pili huja likalalia ukingo wa la kwanza, la tatu likalalia la pili, na uzi wa miyaa hupita ukiyashona yote chini kidogo ya mkunjo. Jicho la mshonaji liko kwenye nafasi kati ya jani na jani. Akiyaachanisha, kuti hukamilika upesi na huuzwa kwa bei ile ile, lakini mvua ya kwanza ya masika itamtaja. Mnunuzi mjuzi hulinyanyua kuti moja dhidi ya jua kabla hajalipa: likionyesha vitundu vya mwanga, hulirudisha kwenye rundo.

Kuezeka huanza chini kwenye upenu na kupanda. Kila safu hufunika sehemu kubwa ya ile iliyo chini yake, hivi kwamba popote paa linapoguswa mkono hukuta tabaka kadhaa. Mwinuko nao hauna mjadala. Paa la makuti linataka mteremko wa karibu digrii 45, maji yakimbie kabla hayajazama. Paa lililolala huoza haraka hata likifungwa na fundi bora. Mwinuko huo una faida ya pili, kwamba hewa moto hupanda kileleni, mbali na vichwa vya watu, na kutokea kwenye pembe za paa zilizoachwa wazi. Bati chini ya jua huwaka na kumimina joto chini, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Lakini bati hudumu na hukinga maji safi ya mvua, jambo lisilodharauliwa mahali ambapo maji hununuliwa kwa dumu. Mgawanyo wa busara ni bati juu ya nyumba, na mfereji wake hadi kwenye tangi, kisha makuti juu ya banda.

Wenye fedha pia walijua kwamba ukuta usiopigwa na jua haupashi chumba joto. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883, lilizungushiwa varanda pana ghorofa kwa ghorofa. Banda la Mkinga linafanya jambo hilo hilo kwa fito na kamba.

Sakafu isichukue nafasi kubwa ya mawazo, ila mambo mawili yazingatiwe. Saruji iliyo nje ya kivuli huhifadhi joto la mchana na kulitoa hadi baada ya isha, kwa hiyo iishie chini ya banda. Sehemu nyingine iachwe udongo ulioshindiliwa, mchanga au kokoto. Pili, Mei ni mwezi wa mvua nyingi, na uani usio na mteremko huwa dimbwi. Sakafu ya banda iinuliwe nusu futi au zaidi, na iinamishwe sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji.

Cha kukalia kinastahili maneno zaidi, kwa sababu kochi lenye sponji linaweza kuufuta upepo wote uliopatikana kwa taabu: mgongo ulioegemea sponji haupati hewa. Kitanda cha kamba hakina kasoro hiyo. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kichwani na miguuni, na kati yake kamba imewambwa ikipita juu na chini ya zilizotangulia. Hewa hupita chini ya mwili kama inavyopita juu yake. Kamba ya kale ilikuwa ya makumbi ya nazi, yaliyozikwa miezi kadhaa kwenye mchanga wa ufuoni hadi yakalainika, yakapondwa na kusokotwa. Tanga ina kamba yake nyingine. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hai vilikuwa 62, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hapo mkoa mzima ukawa nchi ya mkonge. Kamba yake ina nguvu, ila mpya inawasha ngozi, ndiyo maana juu yake hutandikwa mkeka wa ukindu. Baada ya wiki chache za kulaliwa kamba hulegea, na hukazwa tena mstari kwa mstari kuanzia kichwani.

Miti hupandwa kwa hesabu. Mwembe hutoa kivuli kizito, mkungu hutandaza matawi yake kwa ngazi, mwarobaini hukua upesi hata kwenye udongo duni. Yote hii ipogolewe matawi ya chini hadi juu ya kimo cha mtu, ili upepo upite mahali watu walipokaa. Mnazi una heshima zake, lakini asiwekewe mtu kiti chini yake. Maua ya harufu, asmini, kilua na mrehani, yapandwe upande unakotoka upepo, mbali kidogo na banda, kwa kuwa kichaka kinene karibu na kiti ni ukuta kwa jina lingine.

Yanabaki mambo ya jioni. Mbu hawezi kuruka vizuri penye upepo, na hiyo ni faida nyingine ya uani uliopangwa vyema. Lakini mbu anayeeneza dengi huuma mchana na huzaana kwenye maji kidogo yaliyotuama katika vifuu, makopo na matairi, basi vifuu vya jikoni visirundikwe nje. Mbu wa choo hutaka dawa tofauti. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za polistarini ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji; zikaelea zikafunika uso wote, na mbu wanaoeneza matende wakapungua mno. Taa iwekwe mbali na kitanda, wadudu waifuate huko. Katika maleleji, kati ya kaskazi na kusi, upepo ukifa kabisa, pangaboi lililotundikwa kwenye mwamba wa banda hufanya kazi ambayo hakuna mpango wa ua unaoweza kuifanya.

Paa la makuti lililoshonwa na kupangwa kwa karibu hudumu miaka mitano hadi saba, na moshi kidogo unaopita chini yake huwafukuza wadudu wanaolila. Linapoanza kuchoka, dalili huonekana kwanza kwenye mgongo wa paa, na fundi huziba hapo mapema badala ya kungoja livuje. Ukarabati mkubwa hufanywa Januari na Februari, mvua zikiwa mbali na makuti yakikauka upesi, ili masika yakiingia Machi fito ziwe zimekwisha kufunikwa.