Hongereni, Wakunga wa Kidahwe

Pale Kidahwe, barabara ya kutoka Kigoma inapogawanyika, moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza, mama aliyeshikwa na uchungu humtegemea mkunga. Mikono yake ndiyo inayompokea mtoto, ikamkausha na kumlaza kifuani pa mama, anyonye ndani ya saa moja ya kwanza. Ndiye anayechoma sindano ya oksitosini, kisha akaushika mji wa mimba kuhakikisha umekaza, damu isizidi. Ndiye anayeuliza kwa upole, bila kumwaibisha mzazi: Homa ipo? Uchafu unanuka? Titi linauma? Kitovu cha mtoto kimekauka? Huuliza tena na tena, hadi siku ya 42 baada ya kujifungua. Wakunga wetu, hongereni sana. Mungu awalinde.