Uhuru Afrika: jinsi Randy Weston alivyotanguliza ngoma

Novemba 1960 wanamuziki zaidi ya 20 walikusanyika studio jijini New York kurekodi utungo wa sehemu nne ulioitwa Uhuru Afrika. Mtunzi alikuwa Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn mwenye miaka 34, aliyelelewa na baba mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi duniani. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado inausubiri.

Weston aliwaendea wanadiplomasia wa Kiafrika kwenye Umoja wa Mataifa kutafuta lugha ya kulisemea bara zima, na akachagua Kiswahili. Shairi aliloandikiwa na Langston Hughes likatafsiriwa, kisha likasomwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Kwetu sisi hilo pekee lingetosha kuifanya santuri hii hazina. Lakini ufundi wake mkubwa umo katika namna ala zilivyopangwa.

Katika bendi kubwa za jazi za wakati ule, tarumbeta na saksafoni ndizo zilizobeba wimbo, na mpiga dramu akashika mwendo nyuma yao. Weston aliugeuza mpango huo. Aliwaita Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba, na pamoja nao Max Roach na Charlie Persip, Wamarekani. Kila mmoja ana mdundo wake, na midundo hiyo inapishana bila kumezana. Chini yao aliweka wapiga besi wawili, George Duvivier na Ron Carter. Ukisikiliza kwa makini, unaona kwamba ala za kupuliza ndizo zinazoifuata ngoma.

Aliyeyaandika hayo yote kwenye karatasi za noti ni Melba Liston, na jina lake linastahili kutajwa kwa sauti ileile ya Weston. Weston alileta wimbo na upatanisho wake. Liston aliamua nani apulize nini, lini, na kwa uzito gani. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni, na ujuzi huo unasikika: sauti nene za chini zinasukwa kuwa zulia, wala hazigeuki kelele. Katika African Lady, sehemu ya pili, alipunguza uzito huo ili Martha Flowers na Brock Peters waimbe bila kushindana na bendi. Kwangu hapo ndipo penye upangaji bora kuliko pote.

Na piano? Weston, jitu la mita mbili lenye viganja vipana, alijifunza kwa Thelonious Monk na Duke Ellington thamani ya kunyamaza. Anagonga noti chache, nyingi za upande wa chini, kisha anaziachia ngoma nafasi.

Afrika Kusini ya ubaguzi iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964. Weston baadaye alihamia Morocco, akaishi Tangier karibu na Wagnawa, jamii ya huko yenye muziki wake, ambao gimbri yao hukwanyuliwa nyuzi na kupigwa ngozi kwa wakati mmoja: besi na ngoma katika ala moja. Alipowarekodi mabingwa wao Marrakech mwaka 1992, piano yake aliiingiza katika kibao kimoja tu.