Macho ya Manjano, Hatari Iko Kwenye Figo

Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa na uchovu, wengine wakitokwa damu puani. Ebola na Marburg ndizo zilizohofiwa kwanza, vipimo vikazikataa. Tarehe 18 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoletwa na bakteria. Wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walikwishafariki.

Bakteria alitambuliwa haraka, na hilo linastahili sifa. Kazi inayombakia tabibu wa Kilwa au Nachingwea ni nyingine: mgonjwa wa mgunda amelazwa, macho yamegeuka manjano. Je, atapona?

Manjano humfanya mtu afikirie ini kwanza. Ini linapokufa ghafla, kwa homa ya ini kali au kwa sumukuvu kama ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, seli hupasuka na kimeng'enya cha ALT hupanda hadi maelfu. Hata hivyo ALT huhesabu hasara iliyokwisha kutokea. Ikishuka huku mgonjwa akizidi kuchanganyikiwa, tusifurahi: pengine seli za kupasuka zimekwisha. Anayetaka kujua ya kesho hutazama INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda. Protini za kugandisha damu hutengenezwa na ini, na mojawapo, faktori ya 7, hudumu saa chache tu. Ini likisimama, damu huonyesha siku hiyohiyo. Vigezo vya King's College, London, vya mwaka 1989 vimeupa mgando huo uzito mkubwa.

Mgunda hauendi hivyo. Bilirubini, ile rangi inayogeuza macho manjano, hupanda sana, lakini ALT mara nyingi haifiki hata 200. INR ikivurugika, sindano ya vitamini K aghalabu huirekebisha. Maana yake ini bado linafanya kazi. Kinachoua hapa ni figo, na damu kuvuja mapafuni.

Kwa hiyo pima kila siku kreatinini, taka ya damu inayoondolewa na figo, hesabu pumzi, andika kiasi cha mkojo. Mkojo mwingi nao usikutulize, maana mgunda huweza kuharibu figo huku mkojo ukitoka na potasiamu ikishuka. Antibiotiki zianze kabla ya majibu ya maabara. Figo hizi kwa kawaida hupona zikisaidiwa mapema kwa mashine ya kusafisha damu, ndiyo maana kuchelewesha rufaa kunauma. Kreatinini ikiendelea kupanda, gari liondoke, hata kama macho yameanza kurudi meupe.