Mapenzi Yaliyofungiwa Kaburini

Kijana mmoja katika jamaa zangu, aliyesoma Ulaya, aliniambia kwamba filamu aipendayo kuliko zote ni ya Kifaransa, ya mwaka 1973, iitwayo La Rose de fer, yaani Waridi la Chuma. Aliyeiongoza ni Jean Rollin, aliyefariki mwaka 2010. Nikamwuliza, "Si yule wa wanyonya damu na wanawake walio uchi?" Akajibu, "Ndiye, ami, lakini hii si kama zile. Usiihukumu kwa kusikia." Maneno yake yalikuwa ya haki. Nikakaa naye tukaitazama, na palipopasa kuinamisha macho niliinamisha.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mvulana na msichana wakutana arusini. Siku nyingine watoka kwa baiskeli, waingia makaburini, wateremka katika chumba cha kuzikia kilicho chini ya ardhi, na humo wafanya yasiyotajika. Watokapo, usiku umeshaingia na njia haionekani. Hapana jini wala mnyonya damu anayewawinda. Adui yao ni kiza, na vijia vinavyowarudisha palepale. Hapo, nasema kwa insafu, Rollin ni fundi. Mvulana aliyekuwa akijigamba ushujaa wamtoka. Msichana aliyekuwa mwoga aanza kuwapenda maiti. Mwisho amfungia mwenziwe mle chini, akafa kwa kukosa pumzi. Yeye akacheza makaburini hata alfajiri, kisha naye akateremka akajifungia.

Kosa kubwa ninaloliona mimi si uchi. Kosa ni kuwa yule aliyefungiwa haliliwi na mtu. Filamu yamfuata mchezaji, nasi twatakiwa tustaajabie uzuri wake. Mtu huzuru makaburi apate kukumbuka mwisho wake, kisha arudi nyumbani akiwahurumia zaidi walio hai. Hapa kaburi limefanywa mchumba, na aliye hai amesahauliwa.

Tena kuna la kuzingatia. Filamu hii haikupata watazamaji, na Rollin akaishia kutengeneza filamu za ngono kwa majina ya bandia ili apate riziki. Alipowaonyesha watu mauti, hawakuja. Alipowauzia uchi, walilipa. Basi tusimlaumu muuzaji peke yake, kwani soko hufanywa na wanunuzi.

Ilipokwisha nilimwuliza yule kijana, "Je, yule aliyefungiwa ulimfikiria?" Akanyamaza kidogo, akasema, "La, ami. Nilikuwa nikimtazama msichana."

Ndugu msomaji, kijana huyu si mbaya, na moyo wake si mgumu. Bali mara ngapi ameitazama filamu hii, na hajapata hata mara moja kumsikia mtu anayegonga mlango! Kila upendacho kukitazama, jiulize: ni nani kimekusahaulisha?